Modemu ya Simu na Herufi za Lugha za Kenya

Utangulizi

Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, imejulikana kwa miaka mingi kuwa ni mtaa wa maduka ya redio, spika na vyombo vingine vya umeme. Mnunuzi aliyekuwa akienda huko zamani kutafuta kanda au betri, leo aweza kurudi na kibao chembamba kisichopita sana ukubwa wa stempu ya posta. Kibao hicho kikitiwa laini ya simu na kupewa umeme wa kutosha hujiandikisha katika mtandao, hupokea ujumbe na kuutuma, ilhali hakina kioo wala vitufe. Hiki ndicho kiitwacho moduli ya modemu. Kikiunganishwa na bodi ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, hupatikana mashine iwezayo kuwaandikia watu bila ya mkono wa mtu kugusa simu.

Ufundi huu si mgeni Nairobi. Mwezi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, ulizaliwa mfumo wa Ushahidi, uliokusanya habari za raia kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu na intaneti. Mwaka 2010 kilifunguliwa kituo cha iHub kando ya Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji, na vijana wengi wa Kilimani, Kawangware na Lavington wakapata mahali pa kufanyia majaribio yao. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara ya taa za jua mwaka 2012, ilitia laini ya simu ndani ya vifaa vyake ili mnunuzi akilipa kwa M-Pesa kifaa kifunguliwe kutoka mbali. Mwaka uliofuata kikundi cha Ushahidi kilitangaza BRCK, modemu iliyobuniwa Nairobi kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara.

Wahandisi wameandika mengi juu ya vyombo hivi, takribani yote kwa Kiingereza. Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi moduli ya modemu inavyounganishwa na bodi ya mikrokontrola na jinsi inavyopimwa. La pili ni kuonyesha mahali ambapo kazi hiyo huacha kuwa ya fundi wa umeme pekee ikawa pia ya mwanaisimu, maana ndani ya modemu mmekwisha kuamuliwa ni lugha zipi zitakazoandikwa kwa bei nafuu na ni zipi zitakazotozwa zaidi. Uamuzi huo ulifanywa Ulaya, na wanaoandika Gĩkũyũ, Kikamba, Kimeru au Kiembu hawakuwa na msemaji katika kikao hicho.

Majina ya vitu

Kabla ya kuendelea, yafaa kutazama maneno yenyewe. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi wa kisasa, lakini atembeaye madukani husikia nyingi. Neno linalostahili kutajwa kwanza ni laini. Asili yake ni Kiingereza, na hapo mwanzo lilimaanisha waya wa simu ya mezani. Leo laini ni kadi ile ndogo ya plastiki yenye dhahabu, na watu husajili laini, huweka laini, na hulalamika kwamba laini imefungwa. Waya umetoweka, jina limebaki likahamia kwenye kadi, wala hakuna kamati iliyokaa kulijadili.

Neno mtandao lina taabu yake. Limebeba maana mbili, yaani mtandao wa simu na intaneti, na katika kazi ya modemu mambo hayo mawili hayana budi kutengwa, kwa sababu modemu yaweza kuwa imekwisha kupokewa na mtandao wa simu na bado haina njia ya intaneti hata kidogo. Msemo wa kawaida wa Nairobi, kwamba netiweki inashika au haishiki, hulitatua jambo hili vizuri zaidi kuliko istilahi za vitabuni, kwani netiweki katika msemo huo ni mawimbi ya simu, wala si intaneti. Katika makala haya, netiweki imetumiwa kwa maana hiyo.

Kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa kuna neno la zamani la mafundi wa pwani, nalo ni kulehemu. Halina haja ya mrithi. Volti, ampea, pini, betri na antena zimekwisha kukaa katika lugha. Moduli, mikrokontrola na rezista zimetumiwa hapa kama zilivyo, ingawa neno ukinzani limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia na lingeweza kuzaa jina la kifaa.

Umeme kwanza

Mfano utakaofuatwa ni wa moduli ya SIM800L, itengenezwayo na kampuni ya SIMCom ya China, ikiunganishwa na bodi ya Arduino Uno, ambayo ukoo wake ulianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Vyote viwili ni vya bei ndogo, ndiyo sababu wanafunzi huvitumia sana. Aidha, matatizo ya moduli hii ndiyo matatizo ya moduli nyingi nyingine.

Kosa la kwanza la anayeanza ni la umeme. Moduli hii hutaka volti kati ya 3.4 na 4.4. Bodi ya Uno ina pini ya volti 5, ambayo imezidi, na pini ya volti 3.3, ambayo imepungua. Tena pini hiyo ya 3.3 haitoi zaidi ya miliampea 50, na modemu inapotuma mawimbi huweza kuhitaji hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo sana. Ni sawa na kumpa mtu aliyebeba gunia kijiko kimoja cha uji.

Hicho kitambo kidogo kina historia inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuweka simu karibu na redio. Simu za kizazi cha pili hazitumi mfululizo. Kila moja hupewa zamu yake ya kama sehemu 577 za milioni za sekunde, kisha hunyamaza, na zamu hiyo hurudi kila baada ya milisekunde 4.6 hivi. Hesabu hiyo ni kama mapigo 217 kwa sekunde moja, na ndiyo sauti ya kukwaruza isikikayo katika spika ya redio muda mfupi kabla ya simu kulia. Kila pigo huvuta umeme kwa ghafula. Chanzo cha umeme kikiwa dhaifu, volti huporomoka katika pigo, moduli huzimika, huwaka tena, hutafuta netiweki, hutuma, huporomoka. Taa yake ndogo humetameta mara chache kisha huanza upya, na mwenye kazi hudhani kwamba laini ni mbovu au kwamba ameuziwa moduli bandia. Mara nyingi hakuna kilichoharibika ila umeme haukutosha.

Dawa ni betri ya lithi ya volti 3.7, ambayo ikijaa hufika 4.2, au kifaa cha kushusha volti kilichopangwa kutoa 4.0 na chenye uwezo wa ampea 2. Kapasita kubwa, mathalani ya maikrofaradi 1000, ikiwekwa karibu kabisa na pini za moduli, huwa kama mtungi wa maji mlangoni, kwani pigo likija huteka humo. Waya wa ardhi wa betri, wa moduli na wa bodi sharti uwe mmoja. Jambo hili husahauliwa mno, na bila ya hilo bodi na moduli hazina kipimo kimoja cha kulinganishia volti, hivyo haziwezi kuelewana.

Mdomo kwa sikio

Mazungumzo kati ya bodi na moduli hupita katika waya mbili. Kila upande una pini ya kusema, iandikwayo TX, na pini ya kusikia, iandikwayo RX. Anayeunganisha kwa kufuata majina, TX kwa TX, ameunganisha mdomo na mdomo, na hapo hakuna asikiaye. Mdomo wa bodi huenda kwa sikio la moduli, na mdomo wa moduli kwa sikio la bodi.

Hata hivyo sauti zao hazilingani. Bodi ya Uno husema kwa volti 5, na moduli kwa takribani 2.8. Volti 5 zikiingia moja kwa moja katika sikio la moduli huweza kuliharibu, labda si siku hiyo, lakini baada ya miezi. Rezista mbili za thamani sawa, mathalani kilo-omu 10 kila moja, zikipangwa kati ya mdomo wa bodi na ardhi, huzigawa volti 5 nusu kwa nusu, na katikati yake hupatikana 2.5, kiasi ambacho moduli hukisikia bila ya shida. Kwa upande wa pili, 2.8 za moduli kwa kawaida husomwa na bodi, ijapokuwa ni chini kidogo ya volti 3.0 ambazo watengenezaji wa chipu ya Uno huzihakikisha. Katika mashine itakayoachwa peke yake juu ya tangi la maji Kangemi kwa mwaka mzima, afadhali kutumia kibadilisha-volti kamili kuliko kutegemea kawaida hiyo.

Hodi na kupima

Vyombo vikiisha kuunganishwa, neno la kwanza ambalo bodi humtumia modemu ni AT. Herufi hizi mbili ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kutega sikio, na zilianza kutumiwa na kampuni ya Hayes ya Marekani katika modemu yake ya mwaka 1981. Tangu hapo takribani kila modemu duniani huamriwa kwa maneno yaanzayo na AT, na ikiwa hai hujibu OK. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya desturi hii. Ni hodi na karibu. Mgeni haingii na haja yake mpaka ameitikiwa, na mwenye kubisha hodi asipoitikiwa haendelei kueleza shida zake mlangoni. Programu nyingi za wanafunzi huvunja adabu hiyo, hutuma amri zote kwa mkupuo mmoja bila ya kungoja jibu, na kisha hushangaa kuona nusu ya amri zimepotea. Modemu ya SIM800L ina sababu ya ziada ya kubishiwa hodi. Hiyo AT ya kwanza ndiyo inayoitambulisha kasi ambayo bodi inasema, na bila ya kuitambua kasi haiwezi kuelewa lolote linalofuata.

Baada ya hodi, amri ya AT+CPIN? huuliza kama laini imo na kama imefunguliwa. Jibu la READY ni heri. Moduli hii huchukua laini ya ukubwa wa kati, na waliozoea laini ndogo kabisa za simu za leo huwabidi kutumia fremu ya kuipanulia, ambayo huchezacheza na kuikatisha laini ghafula.

Amri ya AT+CSQ hupima nguvu ya netiweki. Jibu ni namba kati ya 0 na 31, au 99 ikiwa haijulikani. Namba hiyo hugeuzwa kuwa desibeli kwa kuizidisha kwa 2 na kujumlisha na hasi 113, hivi kwamba 10 ni hasi 93, na 20 ni hasi 73. Nairobi ni jiji la kujifunzia jambo hili kwa miguu. Katika maduka ya ndani ya majengo ya zege ya katikati ya jiji, minara i karibu lakini kuta ni nene. Upande wa magharibi ardhi hupanda na kushuka kwa vijito, kama Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo zinazopita Kileleshwa na Kilimani, na kwa hatua chache mtu huweza kutoka kilimani akaingia bondeni na namba ikabadilika. Anayepima mahali pa kuweka mashine na asome namba hiyo mara nyingi kwa saa tofauti, asiridhike na usomaji mmoja.

Nguvu ya netiweki si kupokewa na netiweki. Kwa hilo kuna AT+CREG?, ambayo jibu lake 0,1 ni kuwa laini imepokewa nyumbani, 0,5 ni kuwa imepokewa ugenini, 0,2 ni kuwa inatafuta, na 0,3 ni kuwa imekataliwa. Laini isiyosajiliwa ipasavyo huweza kuonyesha namba nzuri ya nguvu na bado ikakataliwa mlangoni. Taa ndogo ya moduli husema mambo hayohayo kwa lugha yake. Ikimetameta karibu kila sekunde, modemu inatafuta, na ikimetameta mara moja kila sekunde tatu, imepokewa.

Ifahamike kwamba moduli hii ni ya kizazi cha pili tu. Nchi kama Australia zimekwisha kuzima mitandao ya kizazi hicho, na anayejenga mashine ya kudumu miaka kumi afadhali achague moduli ya kizazi cha nne. Amri za AT zilizoelezwa hapa hazitabadilika sana, wala tatizo la herufi linalofuata halitaondoka.

Herufi

Kupima kwa mwisho ni kutuma ujumbe. Bodi huamuru AT+CMGF=1, hutaja namba ya mpokeaji, huandika maneno, na hufunga kwa alama ya 26. Ujumbe wa Kiswahili hufika salama. Fundi hufurahi, huandika ripoti yake, na kwake yeye kazi imekwisha.

Kwa mwanaisimu ndiyo kwanza inaanza. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1120, wala hauongezeki. Waliotengeneza mfumo huu Ulaya katika miaka ya 1980 walipanga alfabeti ya nafasi 128, kila herufi ikichukua biti 7, na 1120 ukigawanya kwa 7 hupata 160. Ndiyo asili ya ile namba maarufu ya herufi 160. Katika nafasi hizo 128 zimo herufi zote za Kiingereza, zimo Å, Ø na Æ za Skandinavia, imo ß ya Kijerumani, imo ñ ya Kihispania, na zimo hata herufi kubwa kumi za Kigiriki. Ujumbe wenye herufi yoyote isiyokuwemo huandikwa wote kwa mfumo mwingine, UCS-2, ambao kila herufi huchukua biti 16. Hapo 1120 hugawanywa kwa 16, na jibu ni 70.

Herufi ĩ na ũ hazimo.

Gĩkũyũ kina irabu saba, na tahajia yake huzitenga ĩ na i, ũ na u, kwa alama ya juu. Alama hiyo si pambo. Iria ni maziwa, na ĩrĩa ni kionyeshi, kama katika nyũmba ĩrĩa, yaani nyumba ile. Kikamba, Kimeru na Kiembu navyo vina irabu saba na hutumia herufi hizohizo. Basi mtu akiandika ujumbe wa herufi 150 kwa Gĩkũyũ, na ndani yake mna ũ moja tu, ujumbe wote huhamia UCS-2. Kwa kuwa umezidi 70 hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi ya kuandikia namba ya mfuatano, kikabaki na herufi 67. Herufi 150 zinataka vipande vitatu, na vipande vitatu hulipiwa kama ujumbe mitatu. Ujumbe huohuo ukiandikwa bila ya alama, kwa makosa, hulipiwa mmoja.

Hesabu hii yapasa kuzingatiwa na kila anayehusika na tahajia za lugha za Kenya. Imekuwa kawaida kuwalaumu vijana kwa kuacha alama za ĩ na ũ wanapoandikiana, na kulitaja jambo hilo kuwa ni uvivu au kupotewa na lugha. Sababu nyingine ni kibodi zisizokuwa na herufi hizo. Lakini hata mwenye kibodi nzuri na elimu kamili ya tahajia hutozwa faini kwa kuandika sawasawa, na chama cha ushirika kitumacho maelfu ya ujumbe kwa wakulima wake kwa mashine huiona faini hiyo katika hesabu za mwisho wa mwezi. Si ajabu basi kwamba mhasibu hushinda mabishano na mhariri.

Kiswahili kimeepukana na balaa hili kwa bahati. Tahajia iliyosanifishwa katika miaka ya 1930 haina alama juu ya irabu, na herufi zake zote zimo katika zile 128. Kuna mlango mmoja tu wazi, nao ni king'ong'o. Alama iliyonyooka itumikayo katika ng' imo katika alfabeti ya simu. Lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza zenyewe ikawa alama iliyopinda kama koma iliyoinuliwa, kwa kudhani kwamba zinamsaidia mwandishi, na alama hiyo iliyopinda haimo. Mathalani ujumbe huu: Mkutano wa wafugaji wa ng'ombe utakuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Tafadhali fika mapema. Una herufi 87. Kwa alama iliyonyooka ni ujumbe mmoja. Kwa alama iliyopinda, iliyonakiliwa kutoka katika barua iliyopigwa chapa kwa kompyuta, ni vipande viwili. Ng'ombe mmoja amelipiwa mara mbili. Kijaluo na lugha za Kikalenjin, ambazo pia huandika ng', zimo katika hatari hiyohiyo. Na anayependa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama walivyofanya watunzi wa tenzi, yeye hana njia ila 70.

Wanaoshughulikia toni watakuta jambo la kuchekesha. Katika alfabeti hiyo zimo à, è, ì, ò na ù, kwa sababu Kiitaliano na Kifaransa huzihitaji, lakini kwa alama ya upande wa pili imo é peke yake katika herufi ndogo. Kwa hiyo mtafiti aweza kumtumia mwenzake mifano ya toni ya chini kwa irabu zote tano kwa bei ya kawaida, ila toni ya juu ni rahisi kwa e tu. Herufi kama ŋ, ɛ na ɔ hazimo kabisa.

Kuandika kwa usahihi kwa njia ya moduli kunawezekana, lakini kuna kazi. Maandishi ya programu ya bodi huhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambamo ĩ ni baiti mbili, C4 na A9. Zikitumwa hivyo kwa modemu iliyo katika hali ya kawaida, mpokeaji huona alama nyingine zisizo na maana. Yapasa kwanza kuamuru AT+CSCS="UCS2", kisha AT+CSMP=17,167,0,8, ambapo hiyo 8 ya mwisho ndiyo inayoutangaza mfumo wa biti 16. Kuanzia hapo kila herufi huandikwa kwa tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita. Gĩkũyũ huwa 0047 0129 006B 0169 0079 0169, bila ya nafasi katikati. Hata namba ya simu ya mpokeaji lazima igeuzwe, 0 ikawa 0030 na 7 ikawa 0037, na wengi hukwama hapo kwa saa nyingi wakitazama neno ERROR, kwa kuwa maneno wameyageuza na namba wameisahau. Ujumbe wa herufi 70 huwa tarakimu 280, si haba kwa bodi ya Uno yenye kumbukumbu ya baiti 2048, hivyo ni bora kugeuza herufi mojamoja wakati wa kutuma kuliko kuuhifadhi ujumbe wote uliogeuzwa.

Iko njia nyingine, ambayo haiko mikononi mwa fundi. Kanuni za kimataifa za simu ziliruhusu baadaye majedwali ya ziada ya lugha maalumu. Kituruki kilipata lake, vikafuata Kihispania na Kireno, kisha Kihindi, Kibengali, Kitamil na lugha nyingine za Bara Hindi. Hakuna jedwali la lugha yoyote ya asili ya Afrika. Kwa jedwali la namna hiyo, ujumbe ungebaki na nafasi ya herufi 155, na kila ĩ au ũ ingehesabiwa kuwa herufi mbili. Ujumbe wa herufi 120 wenye ĩ na ũ kumi na tano ungekuwa 135 na kutosha katika kipande kimoja, ambapo leo hutaka viwili. Kituruki hakikupewa jedwali kwa sababu ya wingi wa wasemaji wake tu. Kilipewa kwa sababu waliolihitaji walipeleka orodha ya herufi zao mbele ya waliotunga kanuni. Orodha ya herufi za Gĩkũyũ, Kikamba, Kimeru na Kiembu ni fupi mno kuliko ile ya Kitamil, na idara za lugha ndizo zenye ujuzi wa kuiandika. Simu mpya ndizo zingefaidi kwanza, kwani simu isiyolijua jedwali haiwezi kulisoma.

Mpaka hapo, yafaa kila mashine inayotengenezwa Nairobi ya kuwaandikia watu ipimwe kwa herufi kama inavyopimwa kwa nguvu ya netiweki. Neno la kupimia lipo tayari. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipotiwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977, na aliyefariki mwaka 2025, alitoa riwaya yake ya kwanza ya Gĩkũyũ mwaka 1980. Jina lake lina herufi na nafasi 17, na ndani yake zimo ũ, ĩ na alama ya ng', yaani vizuizi vyote vitatu kwa pamoja. Litumwe kwa namba ya mpimaji mwenyewe, mara moja kwa alama iliyonyooka na mara moja kwa iliyopinda, kwa simu ya zamani ya vitufe na kwa simu ya kisasa. Kisha salio la laini ya modemu litazamwe kabla na baada, kwa kuamuru AT+CUSD=1,"*144#" kama laini ni ya Safaricom, huku modemu ikiwa imerudishwa kwanza katika hali ya AT+CSCS="GSM", la sivyo hata hizo alama za kuulizia salio zitahitaji kugeuzwa.